Mtungaji na Hesabu ya Karatasi

Wengi wetu tunao mswada uliolala sandukuni, nasi hutoa sababu zile zile: mchapishaji hajajibu, na fedha za kuupiga chapa wenyewe hatuna. Sababu ya kwanza ina ukweli wake. Ya pili yataka kupimwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, karatasi ilipokuwa adimu nchini Tanzania, vijana kadhaa wa Dar es Salaam walijichapishia riwaya zao. Hammie Rajab alikuwa na Busara Publications, Kajubi Mukajanga alikuwa na Grand Arts Promotions, na Ben Mtobwa akaanzisha Heko. Wako waliovibeza vitabu vile kwa mapenzi na ujambazi uliojaa ndani yake. Sisi twaona kwamba viliwapa vijana wa mjini sababu ya kusoma Kiswahili nje ya darasa, na hilo si dogo.

Vingi vilikuwa vyembamba, na wembamba una hesabu yake. Karatasi kubwa ya mtambo, ikipigwa chapa pande zote mbili na kukunjwa mara tatu, hutoa kurasa 16. Kitabu cha kurasa 64 hula karatasi 4 kamili. Chenye kurasa 67 huanza ya tano, na mtungaji akalipia kurasa tupu. Kufuta kurasa 3 za maneno yasiyo na kazi ni kuokoa fedha (na msomaji pia huokoka). Tena kurasa 64 hushikwa kwa pini mbili tu mgongoni, bila uzi wala gundi.

Katika ofseti, gharama ya kutengeneza bamba ni ile ile, zitolewe nakala 100 au 1,000. Ndiyo maana nakala chache huwa ghali. Siku hizi mitambo ya kidijiti haihitaji bamba. Mtu aweza kuagiza nakala 50, akaziuza, kisha akaagiza nyingine kwa mapato hayo. Njia hii yaifaa hasa shule inayotaka kukusanya ngano na vitendawili vya wazee wa kata yake.

Tusichopunguza ni jicho la pili. Ajichapishiaye hana mhariri, na kosa la ukurasa wa 5 litakuwamo katika kila nakala. Mwalimu wa Kiswahili wa shule ya jirani, akiombwa kwa heshima na kuahidiwa nakala yake, huenda akakubali kuusoma mswada. Akikataa, na tumwombe mwingine kabla ya kwenda kwa mpiga chapa.