Mwana wa Watu Mlangoni

Katika bonde la Salt Lake, jimbo la Utah nchini Marekani, ambako mimi mzaliwa wa Tanga nimejaaliwa kuweka maskani, iko ada ambayo mgeni hawezi kukaa muda mrefu pasipo kuishuhudia: kijana aliyemaliza shule juzi, ambaye bado mama yake humhimiza kutandika kitanda, hupokea barua ya wito, na mbele ya babu, bibi, shangazi na marafiki waliojaa sebuleni huisoma kwa sauti, ili yeye na wao wajue kwa wakati mmoja nchi atakayopelekwa kutangaza dini. Siku hizi barua yenyewe hufika kwa intaneti, lakini sebule hujaa vilevile. Kijana hana hiyari ya mahali. Huenda akapangiwa Brazil, au Japani, au Tanzania, au mji ulio safari ya siku moja kwa gari kutoka kwao, na popote palipotajwa watu hushangilia kama kwamba ndipo walipokuwa wakipaombea.

Hawa ni wafuasi wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao watu wamezoea kuwaita Wamormoni. Utumishi wa mvulana ni miezi 24, na wa msichana ni miezi 18. Na mwezi Oktoba mwaka 2012 umri wa kuanza ulishushwa, wa wavulana kutoka miaka 19 hadi 18, na wa wasichana kutoka 21 hadi 19, jambo lililofanya idadi ya watumishi, hasa ya wasichana, iongezeke kwa kasi kubwa. Wanaopelekwa ugenini hufundishwa lugha kwa wiki kadhaa tu, wengi wao katika chuo kilichoko Provo, kisha husafirishwa. Gharama hubebwa na kijana au ahali yake, na mchango wa kila mwezi kwa Mmarekani ni sawasawa hata akipelekwa nchi ya maisha ghali au ya maisha rahisi. Mpango wa insafu, nami nausifu. Kijana kwa kawaida huamka saa 12:30 asubuhi, hulala saa 4:30 usiku, na hata jina lake la kwanza huliweka kando, akabaki na jina la ukoo lililoandikwa kwenye kibao cheusi kifuani.

Lakini si saa za kuamka zilizonishughulisha fikira, kwani hata vijana wa madrasa zetu huamka kabla ya hapo. Kilichonishangaza ni namna kijana anavyokatiwa mawasiliano na watu wake. Hadi mwezi Februari mwaka 2019 aliruhusiwa kuzungumza na wazazi wake kwa simu mara mbili tu kwa mwaka, Krismasi na siku ya akina mama. Tangu hapo ameruhusiwa kila wiki. Badala ya ndugu hupewa mwenzi, kijana mwingine ambaye hakupata kumwona, na sharti ni kwamba wasiachane macho wala masikio mchana na usiku. Kisha baada ya wiki chache, wakati pengine wameanza kuzoeana, mmoja huhamishwa na mwingine huletwa. Wenyeji wa hapa huniambia kwamba hilo ndilo linalomkomaza mtu. Yamkini ni kweli. Lakini nimemwona pia aliyerudi kabla ya muda wake kwa maradhi ya moyo uliolemewa, jinsi majirani walivyomsalimu kwa upole uliozidi kiasi, na upole wa namna ile ni hukumu.

Kwetu pwani anayetoka kwa ajili ya dini hatoki hivyo. Mfano ulio karibu nami ni watu wa tabligh, harakati iliyoanzishwa na Maulana Muhammad Ilyas huko Mewat, India, katika miaka ya 1920, ambayo leo hukosi kuiona Tanga, Unguja, Mombasa wala Dar es Salaam. Sikusudii kusema kwamba mambo haya mawili ni mamoja, maana wanatabligh huwakumbusha Waislamu wenzao ibada, wala muradi wao si kuwatoa watu katika madhehebu mengine. Lakini angalia safari yao. Hutoka kwa siku 3, au 40, au miezi 4, wakiwa jamaa nzima ya watu chini ya amiri mmoja, ambamo kijana huchanganyika na watu wa rika la baba yake. Hulala msikitini kwa matandiko yao, hupika kwa sufuria zao, na baada ya alasiri huzunguka mitaani kuwaita watu waje kusikiliza mawaidha baada ya magharibi. Kabla hajatoka, mtu huulizwa kama ameiachia nyumba yake posho. Mwanamke hatoki ila pamoja na maharimu wake. Akiugua, hurudi kwao, na hakuna amtazamaye kwa jicho la huruma iliyozidi.

Tofauti hii ndiyo iliyonifumbulia jambo nililosimuliwa na kijana mmoja wa hapa aliyetumikia Tanzania, ambaye tukionana dukani huniamkia shikamoo kwa sauti ya kuwageuza watu shingo. Alisema kwamba wenzake waliopelekwa Ulaya walihesabu milango iliyofungwa usoni mwao, lakini yeye kwetu hakufungiwa hata mmoja. Aliwekewa kiti, akaletewa chai, akaulizwa habari za mama yake na za baridi ya kwao, akasikilizwa kwa bashasha hadi mwisho, kisha akaambiwa inshallah, karibu tena. Jioni aliandika daftarini majina ya watu aliodhani wamekaribia kubatizwa. Wiki ilipopita akarudi, akawekewa kiti kilekile. Ilimchukua muda mrefu, kwa maneno yake mwenyewe, kufahamu kwamba alikuwa amekwisha kukataliwa siku ya kwanza.

Yeye aliliona hilo kuwa ni ukosefu wa unyofu, nami sikumwafiki. Mlango wa ugenini hujibu risala: mtu husikia neno asilolitaka, akalifungia. Sisi kwanza humjibu aliyeileta, maana aliyesimama kizingitini ni mwana wa watu, amechomwa na jua, na mama yake yuko mbali. Risala inaweza kungoja, au isijibiwe kabisa. Na kawaida hii ni kongwe. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844 kwa niaba ya chama cha misheni cha Kiingereza, alipitia Unguja, akapewa na Sayyid Said, mtawala Mwislamu, barua ya kuwaagiza maliwali wake wamtendee wema. Alikuwa mtu mzima wa miaka 34, lakini hata yeye alihitaji mdhamini. Miezi michache baadaye mkewe Rosina na mtoto wao mchanga walifariki kwa homa, akawazika bara, ng'ambo ya kisiwa, na hakuondoka; akaendelea kujifunza lugha hata akaiachia kamusi, iliyochapishwa mwaka 1882, baada ya kufa kwake. Miezi 24, pamoja na heshima zangu zote kwa kijana wa dukani, ni wasaa mdogo wa kujua nani amekataa na nani amekubali.

Sasa wito huu umeanza kuingia katika nyumba za watu wetu wenyewe, kwani bonde hili lina Wakongomani wengi wasemao Kiswahili, waliokaa miaka mingi katika kambi za wakimbizi kama Nyarugusu huko Kigoma kabla ya kuletwa Marekani, na baadhi yao wamejiunga na kanisa hili. Mama mmoja wa Kivu, jirani yangu, ameitiwa mwanawe. Hakulia wala hakushangilia sebuleni. Aliuliza tu huyo mwenzi atakayekaa na mwanawe ni mtoto wa nani, na wazazi wake wanaishi wapi. Waliokuwapo walimweleza kwa staha kwamba mwenzi hajulikani bado, na akijulikana atabadilishwa, na mwingine baada yake. Mama akanyamaza, akaafiki. Tangu kijana aondoke, kila wiki simu inapopigwa mwanawe hutakiwa asubiri: kwanza mama anamtaka huyo mwenzi wa zamu hiyo kwenye kioo, amwulize amekula nini, na ampe namba ya mama yake.