Mwanza Hadi Dar: Saa Moja na Nusu ya Angani

Ukiuliza kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam ni mwendo gani kwa ndege, utajibiwa upesi: saa moja na nusu. Nasi tulimjibu hivyo mama mmoja wa kanisani kwetu, aliyekuwa akimpeleka mtoto wake wa miaka miwili, mwenye tundu kwenye moyo, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Jibu letu halikuwa la uongo, lakini lilimponza.

Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100, kupitia Shinyanga, Singida, Dodoma na Morogoro. Mchana kutwa na sehemu ya usiku. Angani ni kama kilomita 850 tu. Akina mama tukachanga nauli, na daktari akaandika barua ya kumruhusu mtoto kusafiri. Barua hiyo ni muhimu, kwa kuwa hewa ndani ya ndege huwa nyepesi kama ya mlimani, kwenye kimo cha mita 1,800 hadi 2,400. Mgonjwa wa moyo au wa kifua asipande kabla ya kumwona daktari.

Tuliondoka Kisesa saa 11 alfajiri. Ndege ilikuwa iruke saa 2, na dawa ya mtoto ilikuwa ya saa 4. "Saa 4 tutakuwa tumeshatua," tulimwambia mama yake. Basi akaiweka dawa kwenye begi kubwa, mkononi akabaki na uji wa kikombe kimoja. Begi likapimwa, likaenda. Ndipo tukatangaziwa kwamba ndege itaondoka saa 6 mchana.

Uji uliisha mapema. Saa 4 ikafika, mtoto akalia kwa njaa hadi akaanza kuhema. Mama yake akatutazama, akasema kwa upole, "Dada, si mlisema saa moja na nusu?"

Tuliona haya. Sisi tunaowafundisha wengine habari za dawa kila siku tulisahau jambo la kwanza. Tukamwendea mfanyakazi mmoja wa uwanjani na barua ya daktari mkononi. Alitusikiliza, akaenda, akarudi na begi. Mtoto akanywa dawa saa 5 kasoro robo.

Ndege ilipoanza kushuka tulimpa maji kidogo kidogo, maana kumeza huzibua masikio. Mtoto mchanga anyonyeshwe. Tulitua saa 7 na nusu. Kungoja mizigo na foleni ya magari hadi Upanga kukachukua saa moja na nusu nyingine.

Hesabu mwenyewe: saa 10 tangu mlangoni kwetu. Hata ndege isingechelewa, zingekuwa saa 6. Kwa hiyo, mama, safari ihesabu kutoka mlango hadi mlango, si kutoka uwanja hadi uwanja. Dawa, barua ya daktari, chakula cha mtoto cha siku nzima na nguo za kubadili vikae kwenye mkoba wa mkononi.

Mtoto alitibiwa, na leo anakimbia na wenzake uani. Siku ya kurudi, mama yake alifika uwanjani na kikapu: chupa ya uji, ndizi mbivu, na dawa juu kabisa. Ndege iliondoka kwa wakati wake, lakini hakuna aliyemcheka.