Moto Uliohamia Uani

Hapo kale, katika miji ya Wakurya wa Tarime na Serengeti, jiko halikuwa na jengo lake. Kila mke alikuwa na nyumba yake ya msonge, na mafiga yalikaa humo ndani. Moshi ulipanda ukifukuza wadudu walao nyasi za paa. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilipopita, na mabati yakaenea, moshi ule ule ukawa adha, na moto ukahamishiwa kibanda cha uani. Mama aliyekuwa mwenye nyumba akawa, kwa saa nyingi za siku, mtu wa uani. Wala moshi haukumwacha, maana kibanda mara nyingi ni kifinyu kuliko msonge. Sasa serikali yataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mtungi wa gesi waweza kukaa ndani. Lakini gesi hununuliwa kwa fedha, na kuni huja juu ya kichwa cha mama.