Kibarua kimeota nyasi, insulini je?

Jamani, msione watu wako majuu mkadhani ni maziwa na asali. Mwaka 2022 nilikuwa Minneapolis, jimbo la Minnesota, nikipanga mizigo ghalani usiku. Kibarua kikaota nyasi, na bima ya afya nayo ikaenda, maana Marekani wengi bima yao ni ya kazini. Sasa mimi nina kisukari cha aina ya kwanza. Bila sindano, siku chache tu kwisha habari yangu.

Dirishani duka la dawa nikatajiwa karibu dola 300 kwa chupa. Chupa moja! Na mimi kwa mwezi natumia mbili. Waliogundua insulini kule Toronto waliiuza haki yao kwa chuo kikuu mwaka 1923, kila mmoja kwa dola moja tu.

Aliyeninusuru ni dada mmoja wa Tanga, muuguzi. "We mdogo wangu, usianze kujipunja dozi. Nenda kaombe ya dharura, sheria ya Alec Smith ipo."

Nikadhani huyo Alec ni mbunge. Kumbe ni kijana wa miaka 26, wa hapo hapo Minnesota, aliyefariki Juni 2017 akiibania insulini, hata mwezi haujatimia tangu atoke kwenye bima ya mama yake. Mama akawakaba wanasiasa mpaka gavana Tim Walz akatia saini Aprili 2020. Siku moja kabla sheria haijaanza, umoja wa makampuni ya dawa ukakimbilia mahakamani kuipinga. Roho gani hiyo?

Nikajaza fomu, nikaonyesha kitambulisho, nikapewa ya siku 30 kwa dola 35. Ya dharura lakini ni mara moja kwa mwaka, na ukivuka mpaka wa jimbo imekula kwako.

Colorado wao walitangulia, 2019, wakaweka kikomo cha dola 100 kwa mwezi kwa mwenye bima. Ila si kila bima. Kampuni inayolipa matibabu ya wafanyakazi kwa fedha zake yenyewe haishikwi na jimbo, inalindwa na sheria ya taifa ya mwaka 1974. Jamaa yangu wa Denver alikuwa kwenye kampuni ya namna hiyo, kazi nzuri, tai shingoni. Mwezi ule insulini aliinunua ghali kuliko mimi nisiye na kazi.