Ekalakala: Mche Hufa, Nailoni Hubaki

Ukitoka Nairobi na kushika barabara ya Garissa, ukishaipita Thika nchi hubadilika machoni pako. Mananasi huishia nyuma, migunga na katani huanza. Iache lami hiyo, uelekee kaskazini upande wa Masinga, nawe utafika Ekalakala, katika Kaunti ya Machakos.

Tazama miguuni kwanza. Palipopandwa miti, huenda ukakanyaga vipande vya vile vifuko vyeusi vya nailoni vya kuoteshea miche. Mvua huku ni haba. Mche hufa, nailoni hubaki. Mbuzi huimeza, na mafuriko ya Novemba huikokota kuelekea Mto Tana na bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka wa 1981, linalotupa umeme.

Utaniuliza, je, nailoni si ilipigwa marufuku? Naam, Agosti 28, 2017, Kenya ilipiga marufuku mifuko ya kubebea bidhaa. Vifuko vya vitaluni havikuondoka. Na ubaya wake si uchafu tu. Mizizi ikigonga nailoni hujizungusha humo ndani, na mpandaji mvivu asipoichana, mti hudumaa.

Maganda makavu ya mgomba, yakikunjwa na kufungwa kwa kamba, hushika udongo vizuri. Unafukia mche na kifuko chake, kikaoze. Katani nayo imejaa mipakani mwa mashamba, na akina mama wa Ukambani wanaosuka vyondo hawahitaji mwalimu wa kuwafundisha kushona kifuko cha mche. Nisikufiche kasoro: kifuko cha mgomba hakivumilii kumwagiwa maji miezi mingi, na mchwa hukipenda mno. Kinafaa mche usiokawia kitaluni.

Mukau ni mmoja wao, tena ni mti wa kwao. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, imeushughulikia kwa miaka mingi kule Kitui. Mbao zake huwashinda mchwa, na wafugaji wametumia maji ya majani yake kuua viroboto na kupe wa mbuzi. Ajabu ni kwamba jirani ya mti huo bado mtu hununua sumu ya dukani!

Ukipenda kupanda, nenda Oktoba, mvua ya vuli ikikaribia. Ndiyo wanayoitegemea zaidi huku. Kifuko cha mgomba ukibebe kwa kukishika kitako. Ukikivuta kwa mche, utabaki na mizizi mikononi.