Mikono Iliyokuwa Karibu

Ami yetu alianguka barazani baada ya sala ya Alasiri. Wanaume walikuwa kazini. Nyumbani tulikuwamo sisi wanawake watano na watoto. Tulifanya tuliyoyajua: tukamnyunyizia maji, tukampepea, tukamnusisha marashi, mmoja akaanza kumsomea Yasini, mwingine akakimbilia tuktuk. Ami alikuwa akikoroma kwa vipindi, nasi tukafarijika kwamba yungali anapumua.

Hospitalini daktari alituuliza kwa upole: nani aliyemkandamiza kifua? Tukatazamana. Ndipo tulipofahamu kuwa mkoromo ule haukuwa pumzi. Moyo ulikuwa umekwisha kusimama.

Umri una Mwenyewe, wala hatusemi kuwa angeishi. Lakini tumefunzwa kutafuta sababu kwanza, kisha tutawakali. Na siku ile sababu hatukuijua. Jambo hilo lilibaki nyoyoni mwetu hata baada ya hitima.

Basi tulimwalika muuguzi mmoja wa mtaani atufundishe. Ubongo ukikosa damu, alisema, huanza kuharibika kwa dakika chache tu, na gari la wagonjwa haliwezi kuviwahi vichochoro vyetu vya Mji wa Kale. Mtu mzima akianguka, akaitwa asiitike, wala hapumui kama ada, mmoja apige simu 999 au 112, mwingine aanze papo hapo. Alazwe chali sakafuni, si kitandani. Kiganja kiwekwe katikati ya kifua, na cha pili juu yake. Mikono inyooshwe, kifua kididimizwe sentimita 5 hadi 6 na kuachwa kiinuke, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Anayechoka apokewe na mwenziwe, mpaka msaada ufike. Asiyejua kupuliza pumzi mdomoni akandamize tu. Mtoto mdogo na aliyezama baharini wanahitaji pumzi pia, na hilo lataka mafunzo ya ana kwa ana.

Mmoja wetu aliuliza: je, nikimvunja ubavu? Akajibiwa kuwa ubavu huunga. Mwingine akauliza lililotukaa sote: vipi kumgusa mwanamume asiye maharimu? Swali hilo tulilipeleka kwa mwalimu wetu wa darsa. Akatukumbusha kuwa dharura ina hukumu yake, na akatufungulia Sura Al-Maida, aya ya 32, tuone uzito wa kuiokoa nafsi moja. Naye mwanamke akianguka, asiachwe afe kwa kuonewa haya.

Kina mama wenzetu, mioyo mingi husimama majumbani, na majumbani mchana tupo sisi. Msalaba Mwekundu wa Kenya na St John Ambulance hufundisha huduma ya kwanza. Kila darsa ya wanawake na itenge siku moja kwa elimu hii.

Mwenyezi Mungu amrehemu ami yetu, na aijaalie mikono yetu iwe sababu ya kheri. Amin.