Taarifa za Mwanangu Nilizitoa Mimi

Tapeli aliyenipigia simu hakudukua chochote. Kila alichokijua kuhusu mwanangu nilikuwa nimekianika mimi.

Binti yangu alichaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni, mkoa wa mbali. Nikajaza fomu ya kujiunga, nikaipiga picha, nikaiweka status ya WhatsApp na kwenye kundi la mtaa. Aliniomba nisiiweke. Nikamjibu kwamba mzazi ana haki ya kufurahi. Macho yangu yalikuwa kwenye jina la shule. Sikujali kwamba karatasi hiyohiyo ina majina yake matatu, tahasusi yake ya PCB, namba ya mtihani ambayo yeyote akiwa nayo anasoma matokeo yake kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani (NECTA), na chini kabisa jina langu na namba yangu ya simu. Taarifa hizi moja moja hazina madhara. Zikikutana, mtu asiyemjua mwanangu anaongea kama matroni wake.

Ndivyo alivyoongea. "Shikamoo mama. Binti yako wa PCB ameanguka bwenini, tuko hospitali, vipimo vinatakiwa kulipiwa." Nilituma shilingi 180,000. Sikupiga shuleni kwanza.

Nilipotulia nikaisoma upya meseji aliyonitumia yenye namba ya malipo. Jina la binti yangu lilikuwa na herufi L mahali pa R. Nyumbani hakuna anayeliandika hivyo, wala cheti chake cha kuzaliwa hakiko hivyo. Nikafungua ile picha ya fomu. L ilikuwepo, imechapwa. Nguvu zikaniishia. Ndipo nikapiga shuleni: mtoto yuko darasani, mzima.

Namba ya tapeli niliiripoti kwa 15040, namba ya kuripoti utapeli. Pesa haikurudi. Status ilitoweka baada ya saa 24, lakini picha ya kundini iko kwenye simu za watu nisiowajua.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipoanza kutumika Mei 2023, nilikuwa mkali kwenye vikao vya wazazi: nani anaona taarifa za watoto wetu? Mzazi mwenzangu, liulize swali hilo, shule inapaswa kulijibu. Mimi sikuwahi kujiuliza.

Binti yangu aliporudi likizo nilimwomba msamaha. Hakunilaumu. Aliomba tukae tupitie picha zake zote nilizowahi kuweka. Yeye akaamua ipi ibaki, mimi nikafuta. Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, amesema nimpigie bibi yake na shangazi. Wengine atawaambia mwenyewe.